Sura ya Nne: Bei ya Usiku Mmoja Hifadhini

Mtanzania mtu mzima anayelala kwenye hema ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi hulipa Sh 5,000 za kiingilio na Sh 5,000 za kambi. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, jumla inafika Sh 11,800 kwa saa 24. Zipo gesti nyingi mijini ambazo kitanda, neti na feni vinakugharimu zaidi ya hapo, na hakuna hata moja ambayo alfajiri utafungua mlango ukute pundamilia wanakula majani hatua chache kutoka ulipolala. Hata hivyo, muulize mkazi wa Dar es Salaam au Morogoro kwa nini hajawahi kulala hifadhini, na jibu la kwanza litakuwa bei.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila mlaumiwa siye. Fedha inayomzuia mwananchi kwa sehemu kubwa haidaiwi langoni. Inadaiwa barabarani, kwenye kituo cha mafuta na dukani, kabla hajamwona hata mhifadhi mmoja. Lango lenyewe linamtoza kidogo kwa sababu sehemu kubwa ya gharama ya usiku ule imeshabebwa na watu wengine, na katika sura hii tutawataja. Kwanza tuweke hesabu mezani, kwa maana mali bila daftari huisha bila habari.

Kinacholipwa langoni

Viwango ninavyotumia hapa ni vile ambavyo Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, TANAPA, limetoza katika miaka ya karibuni. Jedwali hubadilika, hivyo pata la mwaka wako kabla ya kufunga safari. Muundo wake ndio haubadiliki: kila mtu analipiwa kuingia, analipiwa tena kulala kambini, gari linalipiwa, na juu ya vyote hivyo inakuja kodi.

Kiingilio cha raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni Sh 5,000 kwa hifadhi nyingi, na Sh 10,000 kwa baadhi, zikiwemo Serengeti na Kilimanjaro. Mtoto wa miaka mitano hadi 15 huingia kwa Sh 2,000, na aliye chini ya mitano haingii kwenye hesabu kabisa. Mkenya, Mganda, Mnyarwanda na Mrundi wanapimwa kwa kipimo hicho hicho cha Mtanzania. Sharti ni kitambulisho. Anayefika langoni bila kadi ya taifa wala pasipoti hana cha kumthibitishia karani kwamba anastahili bei ya mwananchi, na tofauti ya bei ya mwananchi na ya mgeni, kama tutakavyoona, ni kubwa mno kuiachia maneno matupu.

Kambi ni za aina mbili kuu. Kambi ya umma ni uwanja wa wote: vyoo, bafu, bomba au tangi la maji, na banda la kupikia na kulia. Hapo ndipo mwananchi analipa Sh 5,000. Pale Seronera, katikati ya Serengeti, kambi hizi zimepewa majina ya wenyeji halisi wa eneo: Pimbi, Nyani, Nguchiro, Tumbili. Kambi maalumu ni kipande cha pori ambacho kundi moja hukishika peke yake, bila choo cha kujengwa wala maji, na bei yake iko juu zaidi. Anayeanza aende kambi ya umma. Hana sababu ya kulipa zaidi ili apate huduma pungufu, na majirani wenye uzoefu ni usalama mkubwa usiku wa kwanza.

Gari lililosajiliwa Tanzania lenye uzito usiozidi kilo 2,000 hulipa Sh 20,000 kwa siku. Gari zito hupanda daraja, na la namba za kigeni hutozwa kwa dola.

Sasa tujumlishe. Marafiki wanne, watu wazima, wanaingia Mikumi kwa gari dogo na kulala usiku mmoja. Kiingilio, pamoja na kodi, ni Sh 23,600. Kambi ni Sh 23,600. Gari ni Sh 23,600. Mafungu matatu yanayolingana, jumla Sh 70,800, sawa na Sh 17,700 kwa kila mmoja. Wakienda Serengeti, kiingilio kinakuwa maradufu na jumla inafika Sh 94,400, yaani Sh 23,600 kwa kichwa. Mmoja wao akiamua kwenda Mikumi peke yake na gari lile lile, atalipa Sh 35,400. Kambi haijapanda, kiingilio hakijapanda; gari ndilo alilobebeshwa peke yake.

Saa 24 zina thamani yake

Kibali cha anayelala ndani huhesabiwa kwa saa 24 tangu kuingia, na hapo ndipo wengi wanapotupa fedha bila kujua. Ukiingia saa 12 asubuhi ukalala na kutoka kesho yake saa sita mchana, umevuka saa zako na unadaiwa siku ya pili. Ukiingia saa saba mchana, unapata jioni nzima, unapata usiku, na unapata asubuhi yote, kisha unatoka kabla ya saa saba ukiwa umelipa siku moja tu.

Wanyama nao wanakubaliana na ratiba hiyo. Jua kali la adhuhuri huwapeleka vivulini, na jioni pamoja na asubuhi ndizo saa za kuwaona wakitembea, wakinywa na wakiwinda. Kumbuka kwamba kuendesha gari ndani ya hifadhi hakuruhusiwi kuanzia saa moja jioni hadi saa 12 asubuhi. Kwa hiyo panga ufike kambini jua lingali juu, usimamishe hema ukiona unachokifanya, kisha ndipo uende kuzunguka hadi magharibi.

Gari ndilo linalokula

Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi ni takriban kilomita 280 za lami, na barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya hifadhi yenyewe. Maelfu ya abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya wameshawaona twiga na tembo wa Mikumi dirishani bila kulipa chochote. Kwenda na kurudi ni kilomita 560. Weka kilomita 140 za kuzunguka bonde la Mkata ndani ya hifadhi, unafika 700. Gari linalokwenda kilomita kumi kwa lita litameza lita 70. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi. Tukikadiria Sh 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi, mafuta peke yake ni Sh 210,000. Hiyo ni karibu mara tatu ya kila kitu walicholipa marafiki wetu wanne langoni.

Na hapo tumechukulia kwamba mmoja wao ana gari. Asiye nalo anakodi, na bei ya kukodi kwa siku mbili inaweza kufunika mafuta na lango kwa pamoja. Hapa ndipo penye kikwazo chenyewe. Katika hifadhi za nyika hairuhusiwi kushuka na kujitembelea unavyotaka, kwa hiyo gari ni lazima. Mtu wa daladala na bodaboda, hata awe na Sh 11,800 mkononi, amesimama nje ya uzio usioonekana.

Zipo njia za kuupunguza mzigo. Treni ya mwendokasi ilipoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa Sh 13,000. Kutoka Morogoro mabasi ya kwenda Mikumi mjini ni mengi, na pale mjini wapo wenye magari ya kupeleka wageni hifadhini kwa bei ya makubaliano. Watu sita au saba wakilijaza gari la aina hiyo, kila mmoja anabeba kipande kidogo, na wameokoa mamia ya kilomita za mafuta ya gari binafsi. Kabla ya kupanda, kubalianeni kwa maandishi: gari litalala kambini au litarudi mjini, nani anamlipia dereva kiingilio, na mafuta ya kuzunguka yako ndani ya bei au nje. Ugomvi mwingi wa safari hizi huzaliwa kwenye maswali hayo matatu.

Kwa Serengeti, njia yenyewe ni bei. Ukitokea Arusha kupitia Karatu, unakatiza eneo la Ngorongoro, ambalo lina mamlaka yake na kiingilio chake, na unalipa hata kama unapita tu kuelekea lango la Naabi. Ukirudi kwa njia ile ile, unalipa tena. Anayetokea Mwanza au Musoma ana lango la Ndabaka, kando ya barabara kuu inayounganisha miji hiyo miwili, na haigusi Ngorongoro hata kidogo. Watu wa Kanda ya Ziwa wana Serengeti ya bei nafuu mlangoni pao kuliko watu wa Arusha, na inasikitisha kwamba wengi wao hawajawahi kuambiwa.

Hema, chungu na maji

Kifaa cha kambi kisipimwe kwa bei ya dukani pekee. Kipimwe kwa idadi ya usiku kitakaolaliwa. Hema la Sh 200,000 likitumika mara moja kisha likaoza stoo, usiku ule uligharimu Sh 200,000. Likizunguka katika ukoo, kazini na kanisani au msikitini hadi likalaliwa usiku 40, kila usiku umegharimu Sh 5,000. Kwa hiyo hema linunuliwe na kundi, litunzwe na mtu mmoja mwaminifu, na likaushwe juani kabla ya kukunjwa. Mahema ya mtumba yapo. Yasimamishe palepale sokoni, ukague zipu, mishono na sakafu. Zipu mbovu ni mlango wazi kwa mbu, nge na nyoka.

Chakula kisiwe na mbwembwe. Chapati zilizopikwa nyumbani, maharage yaliyochemshwa na kugandishwa, mchele, dagaa wakavu, chai na sukari vinawatosha watu wanne kwa usiku mmoja. Mtungi mdogo wa gesi unatatua suala la moto, kwa sababu kuokota kuni hifadhini ni marufuku. Ule mti uliokufa ni nyumba ya viumbe na mbolea ya kesho. Beba maji ya kunywa ya kutosha hata kama kambi ina bomba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, basi vyombo viwe vya kudumu na taka zote zirudi nanyi.

Chakula chote kilale ndani ya gari lililofungwa au kwenye banda lenye mlango. Usiingize tunda hemani. Tembo hunusa chungwa kutoka mbali, na tumbili akishajua kwamba mahema yana ndizi, anayefuata kuja pale atalipa kwa kosa lako. Kambi za umma hazina uzio. Usiku, ukihitaji kutoka, mulika tochi pande zote kwanza, na ukiona macho yanang'aa rudi ndani usubiri.

Kwa nini mgeni analipa zaidi

Mtalii kutoka Ujerumani au Marekani anayelala kwenye hema Mikumi hulipa dola 30 za kiingilio na dola 30 za kambi. Pamoja na kodi ni dola 70.80. Kwa hesabu ya Sh 2,500 kwa dola, ni Sh 177,000: mara 15 ya anacholipa jirani yake Mtanzania aliyetandika mkeka kwenye nyasi zile zile. Serengeti, msimu wa juu, kiingilio chake ni dola 70, na usiku mmoja pamoja na kambi unafika dola 118 kabla hajala wala kuwasha gari.

Wapo wageni wanaouona utaratibu huu kuwa uonevu, na wapo wananchi wanaouonea haya. Sioni sababu ya haya. Mwananchi ameilipia hifadhi kwa kodi yake na kwa ardhi ambayo nchi yake haikuilima. Mgeni hakushiriki katika hayo, na anacholipa kinaingia kwenye kazi kubwa: mishahara ya askari wa uhifadhi, mafuta ya doria, barabara zinazosombwa na mvua kila masika. Kwa muda mrefu viongozi wa sekta hii wamesema wazi kwamba ni hifadhi tano tu, yaani Kilimanjaro, Serengeti, Tarangire, Manyara na Arusha, zinazokusanya fedha za kutosha kujiendesha na kuzibeba nyingine. Katavi, Kitulo na Mkomazi zinaishi kwa jasho la hizo tano.

Doria ikilegea, tunajua kinachofuata. Sensa ya mwaka 2009 iliwakuta tembo wapatao 109,000 Tanzania. Ile ya 2014 iliwakuta takriban 43,000. Katika miaka mitano ujangili ulikula zaidi ya nusu. Ulinzi wa tembo waliobaki una gharama kila usiku, hata usiku ambao hakuna mtalii aliyekuja. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege duniani, mapato ya hifadhi yaliporomoka huku majangili hawakwenda likizo. Mwaka ule ulitufundisha kwamba hifadhi inayotegemea ndege za kutoka mbali inahitaji pia wenyeji waliozoea kuja, wanaoiona kuwa yao na watakaoitetea.

Nafuu nayo ina mpaka wake. Kilimanjaro, mwananchi analipa kiingilio kidogo, lakini mlima unadai kiongozi, mpishi na wapagazi wanaopanda na mizigo ya hadi kilo 20. Kampuni inayokuuzia mlima kwa bei ya kutupa imepunguza mahali fulani, na mara nyingi ni kwenye ujira wa mpagazi au kwenye sahani yake. Hapo ongeza fedha, au subiri mwaka mwingine.

Waliolipa kabla yako

Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti walihamishiwa upande wa Ngorongoro ili nyika ile ibaki kuwa hifadhi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji waliondolewa Mkomazi. Familia zile zilitoa malisho, visima na makaburi ya wazee wao. Hakuna jedwali la ada lenye safu ya kuandika deni hilo.

Deni lingine linalipwa kila msimu wa mavuno. Kijiji kinachopakana na hifadhi hulala macho mahindi yanapokomaa, watu wakipiga madebe na kuwasha moto wa pilipili kuwafukuza tembo. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa maisha ya watu. Kwa kanuni za mwaka 2011, familia iliyopoteza mtu kwa kuuawa na mnyama ilipewa Sh 1,000,000, na shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikulipwa chochote. Mkulima huyo, ambaye huenda hana gari wala hema, ndiye anayefadhili usiku wetu wa Sh 11,800. Anatulindia tembo kwa ekari zake.

Kwa hiyo bei ya chini tunayopewa langoni ni heshima, na heshima inadai mambo mawili. La kwanza ni kwenda. Mwaka 1961, miezi michache kabla ya uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa kule Arusha tamko la kuwatunza wanyamapori kwa ajili ya vizazi vijavyo. Vizazi hivyo ndivyo sisi, na wengi wetu tunamjua simba kwa runinga. La pili ni kuacha fedha mahali panapostahili. Nunua nyanya, vitunguu, mkaa wa nyumbani na asali kwenye vijiji vya pembezoni mwa hifadhi badala ya kubeba kila kitu kutoka mjini. Lala usiku wa pili kwenye gesti ya pale kijijini. Elfu ishirini inayobaki mikononi mwa mama ntilie wa Mikumi ina maana kubwa kwa uhifadhi kuliko tunavyodhani, kwa kuwa anayepata riziki kwa sababu ya tembo atakuwa na sababu ya kumvumilia.

Namna ya kuanza

Turudi kwa marafiki wetu wanne. Lango Sh 70,800, mafuta Sh 210,000, chakula na maji Sh 80,000. Jumla Sh 360,800, au Sh 90,200 kwa kila mmoja, ikiwa gari ni la mmoja wao na hema wameazima. Ni fedha ya maana kwa mwalimu au fundi cherehani, na sitaki kuidogosha. Lakini ukianza mchezo wa kuchangishana miezi sita kabla, ni kama Sh 15,000 kwa mwezi. Vikundi vya akina mama wetu vimenunua sufuria, mabati na viwanja kwa utaratibu huo huo. Safari ya hifadhini haiwashindi.

Chagueni mweka hazina. Pigeni simu hifadhini mwezi mmoja kabla, muulize viwango vya sasa na hali ya barabara, hasa wakati wa masika. Malipo ya langoni hupokelewa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kupitia benki au simu, basi msitegemee noti mfukoni. Wekeni akiba ya asilimia kumi kwa pancha na dharura. Watoto wachukueni, maana kwao lango ni karibu bure, na umri wa kuanza kuipenda nchi ni huo.

Wenye mamlaka nao wana sehemu yao. Bei ya mwananchi imeshapunguzwa kiasi cha kutosha; kinachokosekana sasa ni usafiri. Basi moja la uhakika kila Jumamosi kutoka stendi ya Morogoro hadi kambi ya umma ya Mikumi, likizunguka jioni na asubuhi kisha kurudi Jumapili, lingeingiza hifadhini watu ambao punguzo lolote la kiingilio halitawafikia. Mahema ya kukodi pale langoni yangemaliza kikwazo cha pili. Haya yanawezekana kwa bajeti ndogo, na kila shule ya sekondari, chuo na chama cha wafanyakazi kinaweza kuyaomba kwa barua. Andikeni barua hizo.